Koleo la Mwanga

Kilometa ishirini hivi kutoka mji wetu wa Likasi, upande wa machweo ya jua, liko shimo la Shinkolobwe. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, aliyekuwa akizunguka porini kutafuta madini, aliona pale mawe ya rangi za kung'aa, akatambua kwamba yana urani. Tangu 1921 kampuni ya Union Minière ikaanza kuyachimba, yakasafirishwa mpaka Olen, nchi ya Ubelgiji, ili itolewe radiamu ya kutibia ugonjwa wa kansa. Baadhi ya mawe hayo wataalamu hawakuwa wameyajua kabla. Basi wakayapa majina ya wakubwa wa elimu yao: kuriti kwa heshima ya Curie, bekereliti kwa heshima ya Becquerel.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ile, alihofu mawe yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Akapakiza tani zaidi ya 1,000 merikebuni, zikalala ghalani huko Staten Island, New York. Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani akaja ofisini kwake kuyanunua. Mawe hayo, pamoja na mengine yaliyochimbwa baadaye, yalitoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mambo yote yalikuwa siri. Waliochimba kwa jasho lao hawakuambiwa kwamba mawe yale yanakwenda kufanya kazi gani.

Ndiyo maana kwetu Katanga neno atomu limekuwa neno la hofu na la kunong'onezana. Mwaka 2004 shimo liliporomoka juu ya watu waliokuwa wakichimba kobalti humo bila ruhusa, wengine wakafa, hofu ikaongezeka. Hatuwalaumu wazee wanaowakataza watoto hata kulitaja jina la mahali pale. Lakini iko habari ya pili juu ya atomu, ambayo watu wetu hawakusimuliwa kamwe. Katika habari ya kwanza, atomu hupasuliwa kwa tani na tani za mawe. Katika habari ya pili, atomu moja hukamatwa kwa mwanga mtupu, ikasimamishwa, ikashikwa kama mhunzi ashikavyo shaba kwa koleo, isipokuwa koleo hili halina chuma. Na jambo la ajabu ni kwamba mtu mmoja, jina lake Otto Frisch, amesimama penye njia panda ya habari hizo mbili. Basi tumfuate.

Kwanza yatupasa kuuliza: je, mwanga una nguvu ya kusukuma kitu? Mtu akishinda juani ataunguzwa, lakini hatasukumwa. Hata hivyo mwaka 1619 Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota, aliandika kwamba kama mkia wa nyota yenye mkia huelekea daima upande wa kuliacha jua, ni kwa sababu mwanga wa jua unaupeperusha. Mwaka 1873 Mskoti James Clerk Maxwell alipiga hesabu ya nguvu hiyo, akaona ni ndogo mno. Tuichukue kwa kipimo cha shamba. Jua la saa sita likiangukia hekta nzima, msukumo wa mwanga wake wote ukikusanywa pamoja haupiti uzito wa punje kumi au ishirini za mahindi. Nani angeuona?

Wala mtu asidanganyike na vumbi linalocheza katika mshale wa jua uingiao dirishani mwa kanisa. Vumbi lile huchezeshwa na hewa, si na mwanga. Hata wataalamu walidanganyika hivyo. Siku zile Mwingereza William Crookes alitengeneza kinu kidogo chenye mapanga manne ndani ya chupa iliyotolewa hewa. Kikiwekwa juani, kinazunguka. Wengi wakasema: tazama, mwanga unasukuma! Kumbe ni hewa kidogo iliyobaki chupani, ikipata joto na kuyapiga mapanga. Pyotr Lebedev wa Moscow ndiye aliyefanikiwa kuushinda udanganyifu wa hewa. Alitundika vibati vyepesi kwa uzi mwembamba sana, akaondoa hewa kadiri alivyoweza, akavimulika, akapima jinsi uzi ulivyojisokota. Mwaka 1900 alitangaza Paris, katika mkutano wa wataalamu wa fizikia, kwamba ameuona msukumo wa mwanga wenyewe. Wamarekani wawili, Nichols na Hull, nao waliupima miaka ileile.

Miaka mitano baadaye Albert Einstein alifundisha kwamba mwanga hauji kama maji ya mto, bali kama mvua: matone, kila tone na kadiri yake. Tone moja la mwanga huitwa fotoni. Nayo elimu iliyotoka katika mafundisho hayo huitwa fizikia ya kwanta, kwa neno la Kilatini lenye maana ya «kiasi gani». Kama mwanga ni matone, basi kila tone likiipiga atomu lazima liisukume kidogo. Hayo yalisemwa; ilibaki kuyaonyesha.

Aliyeyaonyesha ni Otto Frisch, mzaliwa wa mji wa Vienna, naye alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Mwaka 1933 alifanya kazi Hamburg, nchi ya Ujerumani, katika maabara ya Otto Stern. Kila mama apikaye kwa moto wa kuni ameona kwamba chumvi ikianguka motoni, mwali hugeuka manjano. Manjano hiyo ni rangi ya sodiamu iliyomo ndani ya chumvi. Atomu za sodiamu hutoa rangi hiyo, na tena hupokea rangi hiyohiyo, kama kufuli inavyopokea ufunguo wake tu. Frisch alichemsha sodiamu ndani ya chombo kisicho na hewa, akaacha mvuke utoke kwa tundu jembamba, atomu zikaruka kwa safu moja nyembamba mbele yake. Kisha akaimulika safu hiyo kutoka ubavuni kwa taa ya sodiamu. Mwisho wa njia akapima zinakoangukia. Safu ilikuwa imesogea kando, kadiri ya sehemu ya mia ya milimeta! Atomu nyingi zilipita bila kuguswa. Zilizoguswa zilikuwa zimesukumwa na fotoni moja, pengine zaidi kidogo. Lakini zilisukumwa.

Hakupata nafasi ya kuiendeleza kazi hiyo. Mwaka uleule Hitler alishika utawala, na Frisch, kwa kuwa ni Myahudi, alinyimwa kazi. Akaenda London, kisha Copenhagen. Basi njia ya mwanga ikaachwa kwa miaka mingi, na Frisch akaingia njia nyingine bila kuitafuta.

Sikukuu ya Noeli ya mwaka 1938 alikwenda Sweden kumtembelea shangazi yake mkubwa katika elimu, Lise Meitner, dada ya mama yake, ambaye naye alikuwa amekimbia Ujerumani. Mama huyu (kwetu tungemwita mama mkubwa au mama mdogo, si shangazi) alikuwa amepokea barua kutoka Berlin: Otto Hahn amepiga urani kwa nyutroni, akaona bariamu imetokea humo, wala haelewi imetoka wapi. Wawili hao wakatembea katika theluji, wakaketi juu ya gogo, wakapiga hesabu kwenye vipande vya karatasi. Wakafahamu kwamba kiini cha atomu ya urani kimepasuka vipande viwili, na kwamba katika kupasuka hutoka nguvu nyingi. Frisch ndiye aliyekipa kitendo hicho jina lake, akiliazima kwa wataalamu wa viumbe ambao hulitumia kwa kugawanyika kwa chembe hai.

Machi 1940, akiwa Birmingham, Uingereza, yeye na Rudolf Peierls waliandika karatasi chache wakionyesha kwamba bomu la urani linawezekana, wala halihitaji tani nyingi za urani iliyosafishwa kama watu walivyodhani, bali kilo chache tu. Hesabu yao ilikuwa ndogo kuliko kadiri ya kweli, lakini njia ilikuwa sahihi. Karatasi zile ziliiamsha Uingereza, na baadaye Marekani. Mwaka huohuo, bila Frisch kuwa na habari, mawe ya Shinkolobwe yalikuwa yakivuka bahari.

Alikutana na urani hiyo uso kwa uso huko Los Alamos, kwenye milima ya New Mexico, ambako alipewa kazi ya kupima ni kiasi gani cha urani kikikusanyika pamoja kitaanza kuwaka chenyewe. Alikuwa akipanga vipande kimoja juu ya kingine kama mwashi apangavyo matofali. Siku moja aliinama juu ya rundo. Maji yaliyomo mwilini mwake yakarudisha nyutroni ndani ya urani, na taa nyekundu za mashine zilizokuwa zikikonyeza zikawaka moja kwa moja. Akavifagia vipande kwa mkono, vikatawanyika. Alipopiga hesabu baadaye aliona kwamba angekawia sekunde mbili nyingine, angekufa. Sisi tulio jirani wa shimo lile hatuwezi kuisoma habari hii bila kuwafikiri waliolichimba jiwe lenyewe, ambao hawakuwa na taa nyekundu ya kuwaonya.

Vita vilipokwisha Frisch alirudi Uingereza, akafundisha Cambridge, akafa mwaka 1979. Alipata kuishi hata akaona njia yake ya kwanza ikifunguliwa na wengine.

Nchini kwetu, siku zile, elimu ya atomu ilifika kwa mlango wa kwanza. Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Monsinyori Luc Gillon, padri na mtaalamu wa fizikia, aliwasha tanuri la atomu lililoitwa TRICO, la kwanza katika Afrika nzima. Halikuwa la kutengeneza silaha. Lilikuwa la uchunguzi na la kufundishia. Mwaka 1972 likafuatwa na la pili lenye nguvu zaidi, nalo kazi hiyo ikaongozwa na Mkongo, Félix Malu wa Kalenga. Tanuri hilo la pili lilizimwa mwaka 2004, mwaka uleule wa maporomoko ya Shinkolobwe.

Sasa turudi kwenye mwanga. Taa ya Frisch ilikuwa dhaifu, na mwanga wake ulitawanyika pande zote. Ilihitajiwa taa yenye rangi moja tu na miali yenye kwenda pamoja, kama askari wanaopiga hatua moja. Taa hiyo ndiyo leza. Theodore Maiman aliiwasha mara ya kwanza huko California tarehe 16 Mei 1960, majuma sita na siku chache kabla ya uhuru wa Kongo. Karibu na siku hizo kampuni ilikoma kuchimba Shinkolobwe.

Mtu aliyeichukua leza akaifanya koleo ni Arthur Ashkin, mzaliwa wa Brooklyn, New York, mwaka 1922. Kaka yake mkubwa, Julius, alifanya kazi Los Alamos wakati wa vita, katika kundi la wapiga hesabu za bomu. Arthur akashika njia nyingine, katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell, jimbo la New Jersey. Alijiuliza: leza ikielekezwa kwenye punje ndogo sana, si itaisukuma hata tuione kwa macho? Akatia ndani ya maji vidonge vya plastiki vyenye upana wa sehemu ya elfu ya milimeta, akavimulika huku akivitazama kwa hadubini. Vilisukumwa mbele, kama alivyotazamia. Lakini lilitokea jambo ambalo hakulitazamia: vidonge vilivyokuwa pembeni mwa mwali vilivutwa ndani, mpaka katikati, penye mwanga mkali.

Kwa nini? Fikirini mtu anayeruka kutoka mtumbwini kwenye mto Lufira. Yeye huenda upande huu, mtumbwi hurudi upande ule. Kidonge kinachopitisha mwanga ni kama lenzi, huupinda mwanga. Na kila kinachopinda mwanga upande huu husukumwa chenyewe upande ule. Kama mwanga wa upande mmoja ni mwingi kuliko wa upande wa pili, kidonge huvutwa kwenye mwingi. Ashkin akaweka leza ya pili kinyume cha ya kwanza, kidonge kikasimama katikati, hakiendi mbele wala nyuma. Aliyatangaza hayo mwaka 1970. Mwaka uliofuata, pamoja na mwenzake Joseph Dziedzic, aliinua kidonge cha kioo hewani kwa mwali mmoja uliotoka chini, kikakaa juu kimetulia, hakishikwi na kitu. Na mwaka 1986 wakaonyesha kwamba mwali mmoja tu, ukikusanywa kwa lenzi kali mpaka uwe nukta, unatosha kushika punje na kuipeleka popote unapoupeleka mwali. Hilo ndilo koleo la mwanga.

Punde wakaona humo vitu vinavyojiendesha vyenyewe, vimenaswa. Walikuwa bakteria walioingia katika maji yaliyokaa siku kadhaa. Mwanga wa kijani uliwaua. Ashkin akabadili akatumia mwanga usioonekana, ulio chini ya rangi nyekundu, nao wakaishi. Tangu hapo waganga na wataalamu wa viumbe wamelichukua koleo hili. Tutaje moja tu lituhusulo: mwaka 2014 wataalamu wa Cambridge walilitumia kuwashika vijidudu vya malaria, vikiwa vimetoka tu katika chembe moja ya damu, na kuvipeleka mpaka kwenye chembe nyingine, ili wapime vinajishika hapo kwa nguvu gani. Atakayeelewa jinsi ya kuuachanisha mshiko huo atakuwa amewasaidia watoto wengi wa Katanga.

Ashkin alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018, akiwa na miaka 96, mzee kuliko wote waliopata kuipewa mpaka siku ile. Mwaka uliofuata alipitwa na John Goodenough, mwenye miaka 97, aliyetuzwa kwa ajili ya betri za lithi. Na ni yeye aliyeonyesha mwaka 1980 kwamba kobalti inafaa ndani yake. Watu wa Likasi hawahitaji kuelezwa kobalti ni nini.

Lakini bakteria ni mkubwa. Atomu ni ndogo kuliko yeye mara elfu nyingi, na tena haikai. Atomu za sodiamu zitokazo katika chombo cha moto hukimbia karibu meta 900 kwa sekunde, kasi kuliko risasi nyingi. Fotoni moja huipunguzia atomu mwendo wa sentimeta tatu tu kwa sekunde. Ni kama kusimamisha gari-moshi kwa kulitupia njugu. Hata hivyo njugu elfu thelathini, zikitupwa upesi, zinatosha. Na leza huzitupa zote katika muda wa karibu sehemu ya elfu moja ya sekunde.

Shida ni hii: utajuaje atomu ipi inakujia na ipi inakukimbia, ili uizuie ile na usiiongezee mbio hii? Asimamaye kando ya reli husikia filimbi ya gari-moshi linalokuja ikiwa nyembamba, nalo likiisha kupita sauti hushuka. Rangi ya mwanga ni hivyohivyo. Kwa hiyo wataalamu huitengeneza leza iwe chini kidogo ya rangi inayopokewa na atomu. Atomu inayoiendea leza huiona rangi imepanda, ufunguo unaingia kufulini, atomu inapigwa na kupungua mwendo. Atomu inayokwenda mbali haioni rangi yake, inaachwa. Weka leza sita, mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini: kila upande atomu igeukiao hukutana na upinzani, kama kijiko kinachokorogwa katika asali. Mwaka 1985 Steven Chu na wenzake, Ashkin akiwa mmojawapo, walifanya hivyo, wakauita uji huo kwa jina la asali nzito ya miwa. Atomu zilipungua mpaka mwendo wa mtu anayetembea polepole. Na kwa kuwa joto si kitu ila mwendo wa atomu, zilikuwa zimepoa mpaka robo ya sehemu ya elfu moja ya nyuzi juu ya baridi ya mwisho, ile ya nyuzi 273 chini ya sifuri, ambayo hakuna baridi kuishinda. Mwaka 1986 wakazishika kwa koleo lenyewe.

Hesabu ilisema haiwezekani kupita hapo. Mwaka 1988 William Phillips, karibu na Washington, alipima tena, akaona atomu zake zina baridi mara sita kuliko hesabu ilivyoruhusu. Kwa kawaida ya kazi za mikono, mambo hutoka mabaya kuliko yalivyopangwa; ni mara chache mtu kufadhaika kwa sababu yametoka mazuri. Phillips alifadhaika, akapima kwa njia nyingine na nyingine, baridi ikabaki ileile.

Waliopata maelezo ni Claude Cohen-Tannoudji na Jean Dalibard huko Paris. Chu naye alifikia hayohayo. Mwanga wa leza mbili zinazokabiliana hufanya vilima na mabonde yasiyoonekana. Atomu hupanda kilima, inachoka. Ikifika kileleni fotoni huishusha ghafla bondeni, nayo huanza kupanda tena. Walimkumbuka mfalme wa hadithi za Wayunani, Sisifo, aliyehukumiwa kuviringisha jiwe mlimani milele. Cohen-Tannoudji si Mzungu wa Ulaya kwa kuzaliwa: alizaliwa mwaka 1933, mwaka wa taa ya Frisch, katika mji wa Constantine, nchi ya Algeria, na alisoma mjini Algiers mpaka alipokwenda Paris akiwa kijana. Mwaka 1997 yeye, Chu na Phillips walipewa Nobel pamoja. Mwanafunzi wake Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca, Moroko, alipewa yake mwaka 2012 kwa kazi iliyo kinyume: yeye hunasa fotoni kati ya vioo viwili, kisha huichunguza kwa kupitisha atomu.

Yaliyofuata ni mengi, tuyapite upesi. Mwaka 1995 huko Boulder, Marekani, atomu za rubidi zilipozwa mpaka zikawa zote kama kitu kimoja, jambo ambalo Einstein alilitabiri miaka sabini kabla. Baadhi ya saa zilizo bora duniani leo hupimwa kwa atomu zilizoshikwa na mwanga. Mwaka 2001 karibu na Paris kundi la Philippe Grangier lilifanya nukta ya mwanga ndogo hata ikatosha atomu moja tu. Ya pili ikiingia, zote mbili hutoka. Mwaka 2016 wengine wakazipanga moja moja kwa safu, na mwaka 2025 ikatangazwa kutoka California kwamba zaidi ya atomu 6,000 zimeshikwa mara moja, kila moja katika koleo lake. Wanataka kuzifanya mashine za kuhesabu za namna mpya, maana atomu, kwa sheria za kwanta, yaweza kuwa katika hali mbili kwa wakati mmoja.

Baadhi ya wasomaji watasema: hayo ni ya watu wa mbali. Hatukubali. Njia ya kwanza ya atomu ilitaka migodi, merikebu, jeshi na siri. Ndiyo maana sehemu yetu ilikuwa kuchimba na kunyamaza. Njia ya pili hufanyika juu ya meza, kwa vioo, lenzi na leza. Hutangazwa wazi, na kadiri ndogo ya madini yake yatosha kwa miaka. Hatusemi ni rahisi. Chombo cha kushikia atomu kina gharama kubwa, na umeme wake usikatike. Lakini koleo la kushikia punje ndani ya maji hutengenezwa hata na wanafunzi wa vyuo. Huko Johannesburg, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kundi la Andrew Forbes limejulikana kwa kuuumba mwanga katika maumbo ya kila namna. Na kutoka Likasi hata Johannesburg reli ilikwisha kufika zamani, ikibeba shaba. Kijana wetu ajuaye hesabu asizuiwe kwa sababu babu yake alifichwa mambo.

Tumalizie mahali alipozaliwa Frisch. Mwaka 2020, Vienna, Uroš Delić na Markus Aspelmeyer pamoja na wenzao walitangaza kwamba wameshika kwa mwanga kidonge cha kioo, ndani ya chombo kisicho na hewa, wakautuliza mtikisiko wake mpaka ukafika kiasi kidogo kabisa ambacho sheria za kwanta huruhusu. Kidonge chenyewe kilikuwa na joto kama la chumba. Mwendo wake tu ndio uliopoa, mpaka sehemu kumi na mbili za milioni za nyuzi moja. Hakionekani kwa macho, lakini kina atomu karibu milioni mia moja. Wanataka kujua kama kitu kikubwa hivyo chaweza nacho kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kama atomu iwezavyo, au kama kuna mpaka ambapo sheria hiyo hukoma. Katika mji huohuo, mwaka 2019, kundi la Markus Arndt lilikuwa limeonyesha kwamba molekuli zenye atomu karibu elfu mbili bado zinaitii. Kati ya elfu mbili na milioni mia moja sehemu kubwa haijapimwa bado, na huko ndiko wanakopeleka koleo.